Uzoefu wangu: kuhuisha leseni ya duka kwa mfumo wa Tausi, Moshi

Nauza vyombo karibu na Soko la Mbuyuni, na safari hii leseni ya duka nimeihuisha nikiwa hapa hapa dukani, kwa simu. Nimetumia Tausi, mfumo wa TAMISEMI ambao halmashauri zinakusanyia ada na ushuru. Unajisajili kwa namba ya NIDA, unaweka TIN yako (namba ya mlipakodi), unajaza maombi, unapewa kontrol namba, yaani namba ya kulipia, unalipa. Leseni ikishaidhinishwa unaichapa mwenyewe.

Muda umeokoka, ila mimi nimeipenda zaidi hiyo kontrol namba. Serikali ilianza kutumia mfumo wa malipo wa GePG mwaka 2017, na tangu hapo deni lako lina namba yake peke yake. Unalipa kwa simu, benki au kwa wakala, ujumbe unaingia. Wakati wa vitabu vya risiti ulikuwa unampa mtu hela mkononi halafu unabaki kuomba Mungu ifike. Sasa mtu akija kudai ada niliyokwisha kulipa, namfungulia ujumbe asome. Akitaka hela taslimu, namwambia, "Naomba kontrol namba, kaka." Kwa mfanyabiashara mdogo huu ni ulinzi mkubwa sana. Na ukishaizoea kwenye leseni, bili ya maji au ada ya cheti cha kuzaliwa haikusumbui tena.

Kodi ya majengo ndiyo inayonikera kidogo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayelipa, hata kama ni mpangaji kama mimi. Nimekubaliana na baba mwenye nyumba aitoe kwenye pango. Wapangaji wenzangu, ongeeni na wenye nyumba wenu.

Linaloniumiza hasa ni hali ya kina mama wenzangu sokoni wenye simu za kitochi. Hao hawaingii kwenye mfumo, wanaingiziwa. Mama anakwenda steshenari, anasema "mwanangu nifanyie," kijana anafungua akaunti kwa barua pepe yake mwenyewe na neno la siri analijua yeye. Namba ya NIDA inabaki kwenye daftari lake, na kila anayepita anaweza kuisoma. Jirani yangu muuza nafaka aliporudi kuhuisha aliambiwa, "Shikamoo mama, yule kaka alishaacha kazi." Akaunti ina jina lake, biashara ni yake, lakini hana ufunguo. Alihangaika hadi akakata tamaa, na mtu aliyekata tamaa ndiye anayerudi kutafuta wa kumpa hela mkononi.

Kwa hiyo mfumo nausifu na nitaendelea kuutumia. Ukienda steshenari, nenda na simu yako, usajiliwe kwa namba yako, neno la siri liandike wewe na uondoke nalo. Kijana mlipe kazi ya kuchapa. Na halmashauri zetu, za Moshi na za Arusha, naziomba zituletee ofisa sokoni na kompyuta yake, asubuhi kabla biashara haijachanganya, awasajili hawa kina mama mmoja mmoja kwa laini zao wenyewe.