Treni au kichwa cha mpagazi? Vita ya Mjerumani ilivyoisha

Juzi barazani hapa Ngamiani tulibishana, kwenye Vita Kuu ya Kwanza nini kilimbeba zaidi Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki, reli au wapagazi. Wa Tanga tunavutia reli bana, Novemba 1914 askari wake walishushwa na treni toka Moshi wakaja kumtimua Mwingereza hapahapa. Treni inabeba tani na tani, haili ugali. Ila treni ina kwao, ukivunja daraja moja imelala, na 1916 Mjerumani mwenyewe alikuwa anarudi nyuma huku anabomoa.

Mpagazi sasa. Anapita popote, porini kwenye mbung'o ambako punda na ng'ombe wanakufa yeye anapita, lakini piga hesabu mwenyewe: kabeba kilo 25 za unga, anakula kilo moja kwa siku, siku 12 kwenda na 12 kurudi karibu mzigo wote umeishia tumboni mwake, askari anapata nini? Ndo maana mwishoni walikuwa wanaishi kwa kuteka ghala za adui na kuchukua mahindi ya wanakijiji, na njaa wakaachiwa wenye shamba.

Mawasiliano ndo kichekesho. Ulaya vita imesimama 11 Novemba 1918, Lettow-Vorbeck huko Zambia ya leo hana taarifa, kaipata siku mbili baadae kwa kumkamata tarishi wa Kiingereza na pikipiki yake. Akasalimu amri tarehe 25, Abercorn, Mbala ya sasa.

Mimi nampa mpagazi, japo roho inauma.