Mbizi Mafia na shoga angu: majini tano kwa tano, ofisini mbili na huruma

Niseme mapema, mi na shoga angu hakuna mwenye kuogelea kwa maana ya kuogelea. Sisi ni wale wa Coco Beach, maji yakifika kifuani tunageuka. Ila alikuwa anatimiza 30 akasema hataki keki hataki ukumbi, anataka kuzama na mtungi mgongoni kama wale wa kwenye TV, na Unguja tushaenda mpaka picha zinafanana, basi mwezi wa 11 tukasema twende Mafia.

Kwa wasio na hela ya ndege: Mbagala Rangi Tatu kuna gari za Nyamisati, unachepukia Bungu, halafu boti mpaka Kilindoni. Boti inafuata maji haifuati saa yako, kwahiyo beba msosi. Shoga angu alitapika tangu tunatoka kwenye mikoko ya Rufiji, tulivyoshuka akakata tiketi za ndege za kurudia palepale, hakutaka hata kusikia bei. Kilindoni mpaka Utende ni boda tu, lami safi. Utende iko ndani ya hifadhi ya bahari, ile ya mwaka 1995, ya kwanza kabisa Tanzania, so getini kuna kiingilio na kinahesabiwa kwa siku. Pale walicheki NIDA wakatutoza bei ya Mtanzania, fasta, hamna maneno.

Sasa kituo cha kuzamia. Jina silitaji maana sijaja kugombana na mtu. Mapokezi tunaongea Kiswahili tunajibiwa Kiingereza, bei zote zilikuwa dola, ukitaka kulipa shilingi walikuwa wanakupigia kwa reti ambayo sijui wameitoa benki gani. Bili inakuja, nakuta kiingilio cha hifadhi kimewekwa tena, halafu cha mgeni! Nikatoa risiti ya getini na NIDA nikaviweka mezani kama nacheza karata. Wakafuta. Hakuna aliyesema samahani.

Kilichonifanya niandike hii rivyuu ni mwalimu wetu. Kijana wa visiwa vya hapohapo, mpole, anafundisha kwa Kiswahili kilichonyooka. Akatupa fomu ya afya, pumu, presha, masikio, ujauzito, akakaa kutusubiri tuijaze wenyewe, sio ile tiki tiki sahihi twende. Akanisikia navuta pua. "Dada una mafua?" Nikamwambia kidogo tu, ni upepo wa boti. Akasema leo huzami. Ofisi wakaanza mbona mteja mwenyewe yuko sawa, yeye akanigeukia mimi akanieleza kwamba ukishuka maji yanakubana, inabidi upeleke hewa masikioni kwa kubana pua na kupuliza, na mtu mwenye mafua njia imeziba, ukilazimisha ngoma ya sikio inapasuka. Basi.

Siku hiyo tukaenda kuangalia papa potwe (whale shark) upande wa Kilindoni, wanakuja msimu wa kuanzia mwezi wa 10 mpaka wa 3 hivi. Unaruka na miwani na mrija tu, hamna mtungi. Nililia ndani ya miwani, sina la kuongeza.

Kesho yake pua iko wazi. Ofisi wametupangia mbizi mbili kuanzia saa tisa alasiri maana ndio maji yamejaa, boti inafika mpaka ufukweni. Mwalimu anafunga vifaa, akauliza tu kama anapiga stori, kesho mnaondokaje? Ndege ya saa nne asubuhi. Akaweka mtungi chini. Ukizama mara moja unatakiwa ukae masaa 12 kabla ya kupanda ndege, ukizama zaidi ya mara moja 18, sababu naitrojeni inakuwa bado iko mwilini na ukienda juu inatoka kama soda iliyofunguliwa. Tungemaliza saa kumi na moja jioni, hesabu inakuja masaa 17. Ofisi wakasema si lisaa limoja tu jamani. Kijana akasema basi tunaenda asubuhi hii hii.

Asubuhi hii maji yamekupwa, ilikuwa karibu na bamvu, zile siku maji yanajaa sana na kupwa sana, boti iko hukooo. Tukatembea kwenye tope mpaka magotini, wetsuti (nguo ya kuzamia) mpaka kiunoni, mkanda wa vyuma vya risasi vya kukuzamisha mkononi, shoga angu anauliza hii ndio birthday yangu?

Ndio ilikuwa birthday. Tulianzia kwenye maji mafupi, kupumua, kutoa maji kwenye miwani. Wenye rasta sikilizeni: funga kitambaa nyuzi zote ziende nyuma, uzi mmoja ukikaa chini ya mpira wa miwani maji yanaingia muda wote, mi nilitoka macho mekundu. Kuhusu ishara, dole gumba majini sio "safi", ni "twende juu". Tuliambiwa mara tatu. Shoga angu akaona kasa anakula zake majani, akapiga dole kwa furaha, mwalimu akaanza kutupandisha.

Kikomo cha wanaojaribu ni mita 12, sisi tulicheza kwenye tisa kumi ndani ya ghuba ya Chole, maji yanaingia toka bahari kuu yako meupe pee. Watu wanasema kule chini kimya, si kweli, unasikia pumzi zako kama mashine na unasikia pono wanatafuna matumbawe, kru kru kru, kama mtu anakula ukoko pembeni yako. Samaki mkunga ametoa kichwa kwenye tundu anafungua mdomo anafunga, chewa mkubwa anatuangalia kama mzee wa baraza. Mi hewa nilikula vibaya kwa woga, tumeanza geji ya hewa inasoma 200, nikacheki iko 70 shoga angu bado 110, tukapanda pole pole, tukasimama mita tano dakika tatu. Juu nikakuta natetemeka na taya linauma kwa kung'ata mpira.

Saa saba mchana tuko nchi kavu. Masaa 21, ndege tukapanda bila wasiwasi.

Vifaa vizuri, wetsuti yangu tu ilikuwa na tundu gotini. Bakshishi mpe mwalimu mkononi, usiache ofisini. Mkipanga siku, mbizi iwe mwanzo na papa potwe siku ya mwisho, sisi tulifanya kinyume kwa sababu ya pua yangu.

Picha za chini ya maji tulilipia, wakasema watatuma WhatsApp. Wiki ya tatu hii, tiki moja.