Paladiamu ya asilimia 10 kwenye mkaa: uzoefu wangu hapa Mbeya

Nakipenda kichocheo hiki, unga wa mkaa uliobeba metali ya paladiamu, unaosaidia kuongeza haidrojeni kwenye molekuli, kwa sababu kimeniepusha na mtungi wa haidrojeni. Mtungi kwetu ni habari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, na ukifika bado unadai regaleta yake, kifaa cha kupunguza presha ya gesi. Mimi natia amoniamu fometi, chumvi nyeupe tu. Ikikutana na paladiamu, inatoa haidrojeni mle mle chupani, pamoja na amonia na kabonidayoksaidi.

Nilianza na asidi ya sinamiki, yenye bondi mbili (kifungo maradufu kati ya kaboni mbili) ya kujazwa haidrojeni, gramu 1.48. Fometi gramu 2.5, kichocheo gramu 0.15, methanoli, nikachemsha taratibu. Kwa mwinuko wa Mbeya methanoli huchemka karibu nyuzi 60, si 64.7 za vitabuni, kwa hiyo usihangaike kuongeza moto. Macho yawe kwenye kondensa, bomba la kupoozea mvuke: unga mweupe hupanda na kuganda ndani ya bomba, na likiziba gesi haina pa kutokea. Nazima moto, nausukuma chini kwa methanoli kidogo.

Nilipochuja, nikapunguza methanoli na kutia asidi ya haidrokloriki, yalitoka matone kama mafuta. Moyo ulinidunda. Nikayaweka kwenye barafu, yakaganda kuwa fuwele nyeupe. Zilipokauka nikazipima: ziliyeyuka kwa nyuzi 47 hadi 48, wakati sinamiki huyeyuka kwa 133. Nikadondosha pamanganeti ya potasiamu, ambayo hupoteza rangi ikikutana na bondi mbili; zambarau yake ikabaki vilevile. Bondi mbili haipo tena! Nilimwita mwenzangu aje ajionee.

Kasoro yake ni kubwa. Safari ya pili niliacha karatasi ya kuchujia ikauke, mara ikawaka yenyewe, na methanoli iko pembeni. Tuliizima kwa mchanga, hakuna aliyeumia, ila mikono ilinitetemeka mpaka jioni. Kichocheo kilichotoka kazini kinabeba haidrojeni, kikikauka hewani kinashika moto. Siku hizi nakitia chupani kwanza, chini ya naitrojeni, gesi isiyochochea moto, nakilowesha kwa maji, ndipo methanoli inafuata. Karatasi naitia majini ingali mbichi. Onyo hili lilistahili herufi kubwa kwenye lebo. Kwenye kopo langu lilikuwa dogo, chini kabisa.

Bei ni kali, lakini gramu 5 zinatosha majaribio zaidi ya 30 ya kiasi hiki. Nitanunua tena, safari hii ile inayotoka kiwandani imeloweshwa. Nusu ya uzito wake ni maji, hivyo unapima maradufu.