Wayback Machine: kuzitafuta tovuti za serikali zilizozimwa

Huduma ya Wayback Machine, inayoendeshwa na shirika la Internet Archive la San Francisco, ilifunguliwa kwa umma mwaka 2001, nayo huonyesha bila malipo nakala za kurasa za intaneti zilizoanza kukusanywa mwaka 1996. Mimi huitumia kutafuta nyaraka za serikali ambazo waliozichapisha wamekwisha kuziondoa, na tathmini hii inahusu kazi hiyo tu.

Nilitambua thamani yake mapema mwaka 2025. Serikali mpya ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje, tovuti ya FEWS NET, mfumo wa kutahadharisha kuhusu njaa ulioanzishwa mwaka 1985 kufuatia maafa ya Ethiopia, ilizimwa, na mwanzoni mwa Februari tovuti ya USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, nayo haikupatikana tena. Kwa mtafiti wa Afrika Mashariki hilo lilikuwa pigo zito, maana humo ndimo zilimokuwa taarifa za miaka mingi kuhusu mavuno, bei za nafaka na ukame wa Pembe ya Afrika. Nilibandika anwani ya zamani, nikachagua siku kwenye kalenda, na taarifa niliyoitaka ikafunguka. Tarehe na saa ya kunakiliwa huandikwa ndani ya anwani yenyewe, jambo linalomwezesha mtafiti kuonyesha bila ubishi serikali ilikuwa imeandika nini, na lini.

Hata hivyo, si kila kitu hurudi. Maandishi na faili za PDF hufunguka vizuri zikiwa zilinakiliwa, lakini hifadhidata inayomtaka mtu ajaze fomu hubaki fremu tupu, kwa sababu roboti, yaani programu inayokusanya kurasa, hufuata viungo na haiwezi kukisia maswali ambayo mtafiti angeuliza. Huduma yenyewe nayo ilizimika kwa siku kadhaa Oktoba 2024 baada ya kushambuliwa na wadukuzi.

Kinachonisikitisha zaidi ni tofauti kati ya nchi na nchi. Tangu mwaka 2008, taasisi kadhaa za Marekani, zikiwemo Maktaba ya Bunge na Chuo Kikuu cha North Texas, hushirikiana kukusanya tovuti za serikali yao kila muhula wa rais unapokwisha. Nilipotafuta mwongozo wa wizara moja ya hapa nyumbani, iliyokuwa imebadilishwa jina na anwani, nilikuta nakala nyingi za ukurasa wa mbele, ilhali mwongozo wenyewe haukuwa umenakiliwa hata mara moja.

Kwa hiyo sasa kila ninaposoma ripoti ya serikali huiingiza mwenyewe kwenye sehemu ya kuhifadhi ukurasa papo hapo, na faili ya PDF huihifadhi peke yake, kwani kuhifadhi ukurasa hakuhakikishi kwamba faili iliyounganishwa nao imechukuliwa. Mwenye akaunti anaweza pia kuiagiza huduma izinakili kurasa zilizounganishwa na ukurasa huo. Mimi kazi hiyo huifanya kwa bidii zaidi katika miezi inayotangulia uchaguzi.