Yadi 1,000 kwa bunduki ya mtumba: uzoefu wangu wa miaka mitatu Bisley

Bunduki yangu ni Tikka T3x Varmint ya kaliba ya 6.5 Creedmoor, niliyoinunua mtumba kwa pauni 1,050, na baada ya miaka mitatu na risasi zinazokaribia 1,900 naweza kusema kwamba katika vyote nilivyonunua kwa ajili ya mchezo huu wa kupiga shabaha za mbali, hiyo ndiyo sijaijutia hata siku moja. Vingine karibu vyote nimevinunua mara mbili. Mara ya kwanza niliangalia bei, au nilivutwa na sifa nilizozisoma, na sikujiuliza shabaha iliyoko mita 914 mbele yangu inadai nini hasa. Kwa kuwa ndugu kadhaa wanaoishi huku Uingereza wameniuliza niandike nilichokiona, naandika kwa mpangilio wa makosa yangu.

Nalengea Bisley, karibu na Woking, kusini-magharibi mwa London. Chama cha Taifa cha Bunduki cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1859, na mkutano wake wa kwanza wa mashindano ulifanyika Wimbledon Julai 1860, ambako Malkia Victoria alifyatua risasi ya ufunguzi kwa kuvuta kamba iliyofungwa kwenye bunduki ya Whitworth iliyokazwa juu ya kiegemeo, yadi 400 kutoka kwenye shabaha. Mwaka 1890 mashindano yalihamia Bisley na hayajaondoka tena. Uwanja wa Century wa hapo unaishia yadi 600, ilhali Stickledown, ambao ndio ninaoupenda, unaanza yadi 800 na kufika 1,200. Huko wanawake na wanaume hushindana katika orodha moja, na mwaka 1930 Marjorie Foster alikuwa mwanamke wa kwanza kutwaa Tuzo ya Mfalme, iliyo kuu katika mashindano hayo, jambo nililomtajia mke wangu kwa nia ya kumshawishi, naye akanijibu kwamba hawezi kulala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande na bado atoe pesa zake mwenyewe.

Kabla ya vifaa kuna sheria, na hapa ndipo nilipofanya kosa la kwanza. Ili kumiliki bunduki ya aina hii unahitaji cheti cha silaha kutoka polisi, na kwa mtu anayetaka kupiga shabaha tu, njia ya kawaida ni kujiunga na klabu iliyoidhinishwa na kupita kipindi cha majaribio kisichopungua miezi mitatu, ukitumia bunduki za klabu chini ya uangalizi. Polisi huja nyumbani, hukagua kabati la chuma lililofungwa ukutani, hutaka wadhamini wawili na taarifa za afya yako kutoka kwa daktari, na cheti chenyewe hutaja kila bunduki unayoruhusiwa kuinunua na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Mimi nilingoja miezi saba, na katika kungoja huko, kwa uchu, nilinunua darubini, kiegemeo na mkoba mkubwa kabla sijajua bunduki yangu itakuwa ipi. Mama yangu aliyeko Tanga alipoona picha ya ule mkoba alinipigia simu na kuniuliza, "Mwanangu, umeingia jeshini na hukuniaga?"

Kuhusu bunduki sina maneno mengi, na huo ni usifu. Tikka hutengenezwa na Sako huko Riihimäki, Ufini. Mtutu wa toleo la Varmint ni mnene, hivyo hauchemki haraka, na mifereji yake ya ndani, inayoizungusha risasi, huzunguka mara moja kila inchi 8, kiasi kinachoifaa risasi ndefu na nzito. Bolti, yaani komeo linaloingiza risasi mtutuni, inateleza kama droo iliyopakwa nta, na kifyatulio, ambacho wengi tunakiita triga, kinarekebishwa kwa skrubu moja hadi uzito wa takriban kilo moja. Risasi tano kwenye yadi 100 hukaa ndani ya sentimita mbili na nusu siku ninayopumua vizuri, na zikitawanyika najua wa kulaumiwa ni mimi. Nilichoongeza ni kipande cha kuinulia shavu, kwa sababu darubini yenye lenzi kubwa hukaa juu, na mtu anayeinua shingo kuitafuta hawezi kuuweka uso wake mahali palepale mara ishirini mfululizo.

Kosa lilikuwa katika kaliba, si katika bunduki. 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na kampuni ya risasi ya Hornady mwaka 2007, ni kaliba nzuri mno kwa umbali: risasi ya greni 140, yaani gramu 9 hivi, hutoka kwa mita 826 kwa sekunde, haina teke kali, na nguvu yake ya takriban jouli 3,100 iko mbali na kikomo cha jouli 4,500 cha kawaida pale uwanjani. Lakini mashindano niliyokuja kuyapenda ni ya F-Class, yaani ya kupiga shabaha za mbali kwa darubini na kiegemeo, na hayo yana madaraja mawili. F/TR huruhusu kaliba za .223 na .308 tu, kwa kiegemeo cha miguu miwili, na uzito wote usizidi kilo 8.25. F-Open huruhusu karibu kaliba yoyote hadi milimita 8, viegemeo vizito vya mbele vinavyokaa ardhini, na uzito wa hadi kilo 10. Kwa hiyo mimi na Tikka yangu yenye miguu miwili tunaangukia F-Open, pamoja na watu waliotengenezewa bunduki kwa kipimo na kuziweka juu ya vyuma vizito kama cherehani. Hakuna aliyenidanganya. Sikuuliza.

Sasa nije kwenye darubini, ambako pesa yangu nyingi ilipotea. Ile ya kwanza, ya kampuni ambayo sitaitaja, ilikuwa na picha safi, ukuzaji wa kutosha na bei ya kumfurahisha mwenye mshahara wa fundi wa lifti, na kwenye yadi 100 haikuwa na kasoro yoyote niliyoiona. Kazi ya darubini katika umbali mrefu, hata hivyo, si kukuza picha tu. Darubini ikiwa imerekebishwa kwa yadi 100, risasi yangu hushuka kiasi cha mita 8 ifikapo yadi 1,000, na ili kufidia inanibidi nizungushe kifundo cha juu kwa takriban dakika 30 za pembe, kisha jioni nikirudi yadi 100 nikirudishe kifundo mwanzo na kukuta risasi inapiga palepale ilipoanzia. Dakika moja ya pembe, yaani sehemu ya sitini ya digrii, ni kama sentimita 2.9 kwenye mita 100, na kwenye yadi 1,000 inakuwa sentimita 26.6. Katika vipimo hivyo, kifundo kinachosema uongo kidogo ni kifundo kibovu.

Mzee mmoja wa klabuni ndiye aliyenionyesha namna ya kukipima. Unabandika karatasi ndefu yenye mstari ulionyooka kwa timazi, unapiga chini kwenye yadi 100, unazungusha dakika 30 kwenda juu, unapiga tena ukiwa unalenga alama ileile ya chini, kisha unapima kwa futi ya mkanda. Nilitakiwa kupata sentimita 80 na nikapata 76. Tofauti ya sentimita nne inaonekana ndogo mpaka uifikishe yadi 1,000, ambako inakuwa dakika moja na nusu, yaani sentimita 40, wakati duara lenye alama tano lina kipenyo cha sentimita 25.4 na lile la ndani kabisa, tunaloliita V, lina sentimita 12.7. Msimu mzima nilikuwa nikijilaumu kwa pumzi na kidole. Nilimshukuru mzee yule, nikaenda kukaa ndani ya gari kwa muda.

Darubini ya pili ni Sightron SIII ya 8-32x56, yaani inakuza mara 8 hadi 32 na lenzi yake ya mbele ni ya milimita 56, nayo mtumba, na jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kurudia kipimo kile cha karatasi. Ilitoa sentimita 80 na ikarudi mwanzo, mara tatu. Kila mlio wa kifundo ni robo dakika, unaohisiwa vizuri hata ukiwa na glovu. Jambo la kulijua kabla ya kuinunua ni kwamba mistari yake ya kulengea iko katika fokasi ya pili, yaani haikui pamoja na picha, kwa hiyo vipimo vya mistari hiyo ni sahihi kwenye ukuzaji mmoja tu. Kwa shabaha ya karatasi isiyohama hilo halinisumbui, ila anayetaka mashindano ya kukimbia kutoka kizuizi hadi kizuizi, ambako umbali hubadilika kila dakika, atafute ya fokasi ya kwanza. Vilevile usidanganywe na namba 32. Siku ya jua, mazigazi yanayopanda kutoka ardhini huigeuza shabaha kuwa kitambaa kinachotikiswa, na mimi hushusha ukuzaji hadi 20 na kuona vizuri zaidi. Chini ya darubini niliweka reli iliyoinamishwa dakika 20, kwa sababu bila mwinamo huo ile ya kwanza ilikuwa imekwisha safari ya kifundo kabla sijafika yadi 1,000. Skrubu za pete zikazwe kwa spana yenye kipimo, si kwa nguvu za mkono.

Kiegemeo cha Harris chenye kimo cha inchi 6 hadi 9 kinatosha, pamoja na mfuko wa mchanga chini ya kitako, na mfuko huo ni wa maana kuliko kiegemeo chenyewe. Masikio ninayafunga mara mbili, viziba vya ndani na vifuniko vya nje, maana mlio wa bunduki kama hii hupita desibeli 140 na usikivu uliopotea haurudi. Mkeka wowote usioingiza maji utafaa.

Risasi ndizo zinazokula pesa taratibu bila kelele. Nilianza na Hornady ELD Match za dukani, zaidi ya pauni 2 kila moja, na katika mchana mmoja wa Stickledown mtu humaliza arobaini. Mwenzangu aliponiazima kipima kasi chake cha Garmin Xero, ambacho ni rada ndogo inayokaa pembeni ya bunduki, nilielewa kwa nini tofauti ya kasi ni muhimu kuliko kasi yenyewe: risasi mbili zinazotofautiana kwa mita 10 kwa sekunde, kwa hesabu ya kikokotoo changu, zitaachana kwa sentimita 20 hivi, moja juu na nyingine chini, hata kama mpigaji hakukosea. Sasa najaza risasi mwenyewe kwa maganda ya kampuni ya Lapua, nikipima baruti kila moja, jioni nne kwa mwezi. Nilidhani ningeokoa pesa. Ninachookoa kwenye kila risasi nakitumia kwa kupiga risasi nyingi zaidi, na mtutu nao una umri wake. Wenye kaliba hii hutaja 2,000 hadi 3,000 kabla usahihi haujaanza kupungua.

Vyote hivi vikiwa sawa, unabaki na upepo. Risasi yangu hukaa hewani sekunde moja na nusu, na kwa upepo wa ubavuni, kila maili moja kwa saa huisogeza karibu sentimita 18. Nusu ya kipenyo cha duara la tano ni sentimita 12.7. Maana yake ni kwamba nikikadiria maili 6 na ukweli ukawa 7, tayari nimetoka nje ya duara, na hakuna chombo kilichokaa pale nilipolala kinachoweza kuniambia upepo wa mita 600 mbele ukoje. Baba yangu mdogo alikuwa baharia wa jahazi Pangani, na nilikua nikimsikia akitofautisha joshi, yaani upande upepo unakotokea, na demani, upande unakoelekea, kabla hajagusa tanga. Sikujua kwamba maneno hayo ningeyahitaji Uingereza. Stickledown kuna bendera, na bendera za joshi huinuka kabla ya zile zilizo mbele ya shabaha, hivyo anayeziangalia hupata sekunde chache za kujiandaa. Nazipa uzito zaidi zile za karibu nami, kwa kuwa mkengeuko unaoanza mapema risasi huubeba safari nzima.

Tunalenga wawili wawili kwenye shabaha moja, kwa zamu, kila mmoja akiwa na sekunde 45, huku wenzetu walioko handakini wakiishusha shabaha na kuweka kisahani kwenye tundu ili lionekane. Risasi ya mwenzako ni habari ya bure kuhusu upepo, na nimejifunza zaidi kwa kumwandikia mwenzangu alama kuliko kwa kufyatua mwenyewe. Daftari langu la pauni 3 lina mistari ya kila siku: upepo niliouona, nilioudhania na uliokuwepo. Lina pia ukurasa wa Aprili ya mwaka wa kwanza, siku niliyoweka V safi kabisa kwenye shabaha ya jirani yangu wa kushoto. Yeye hakuipata alama hiyo, nami niliandikiwa sifuri.

Ningeanza upya leo, ningetumia bunduki za klabu mwaka mzima badala ya miezi saba, ningechagua daraja la mashindano kabla ya kaliba, na ningetenga kwa darubini pesa sawa na za bunduki. Tikka nitabaki nayo mpaka mtutu wake uchoke. Ombi la kuongeza .308 kwenye cheti changu, kwa ajili ya F/TR, nimelituma wiki iliyopita, na safari hii sijanunua hata skrubu moja kabla jibu halijarudi.