Bodi na vinia za boksi za spika: ununue ipi ukiwa Arusha au Moshi

Ukifika kwenye mkusanyiko wa watu wanaojitengenezea spika, iwe Njiro au Moshi mjini, wengi hawaanzi kwa kusikiliza. Wanagonga ukuta wa boksi kwa kifundo cha kidole, kisha wanapitisha kiganja kwenye kona kutafuta mahali vinia, yaani tabaka jembamba la mbao linalobandikwa juu ya bodi kama urembo, ilipokutana. Yote mawili huamuliwa dukani, kabla msumeno haujawashwa. Kwa hiyo hapa naandika juu ya bodi na vinia tu, nikianza na ninayoiamini zaidi.

Tuseme unatengeneza jozi ya spika za inchi 6 na nusu, kila boksi likiwa na nafasi ya ndani ya sentimita 20 kwa 30 kwa 25, yaani lita 15. Lita zako halisi zitoke kwenye vipimo vya spika uliyonunua. Kwa bodi yenye unene wa milimita 18, jozi hiyo inakula karibu mita moja ya mraba. Bodi nzima ya futi 8 kwa 4 inakaribia mita tatu, hivyo mkichanga wawili mnapata jozi mbili na vipande vya kuimarishia ndani vinabaki.

Namba moja kwangu ni plaiwudi ngumu ya milimita 18. Ni ghali kuliko MDF, ile bodi ya nyuzi za mbao zilizosagwa na kugandamizwa kwa gundi, lakini ni nyepesi, inashika skrubu, na haivimbi ovyo ikipata unyevu. Spika za mkusanyiko husafiri. Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, na boksi lililopakiwa nyuma ya Noah lazima ligongwe kona. MDF ikigongwa kona inamomonyoka, plaiwudi inabonyea kidogo tu.

Dukani usidanganywe na uso wa bodi, tazama ubavu. Hesabu matabaka. Plaiwudi nzuri ya mti wa birch kutoka kaskazini mwa Ulaya ina matabaka 13 katika milimita 18. Ukikuta ya mbao laini yenye matabaka 7 au 9, bado inafaa, ila hakikisha hakuna mapengo katikati, maana pengo moja nyuma ya spika ya besi litavuma kama nyuki kila noti fulani inapopita. Igonge kutoka ncha hadi ncha: mlio uwe mfupi, na uwe uleule. Kisha inua upande mmoja, fumba jicho, chungulia kama imepinda. Muuzaji asiyetaka uiguse bodi yake, mshukuru na uende duka la pili.

Ukishindwa bei ya milimita 18, usikate tamaa. BBC ya Uingereza ilipobuni spika ndogo ya LS3/5A miaka ya 1970, kwa ajili ya magari ya kurushia matangazo, ilitumia plaiwudi ya birch ya milimita 12 tu, ikabandika ndani vipande vizito vya lami vya kuua mtetemo. Kwetu karatasi nzito ya lami, ile ambayo mafundi ujenzi huiweka juu ya msingi kuzuia maji, inafanya kazi hiyo vizuri sana. Nunua ya lami, siyo ile ya nailoni.

Namba mbili, na pengine ndiyo utakayoondoka nayo, ni MDF. Imenyooka, inakatika bila kuchanika, na vinia inalala juu yake kuliko juu ya bodi nyingine yoyote. Uzito ni wa kweli: bodi nzima ya milimita 18 inafika kama kilo 40. Adui yake ni maji. Jozi yangu ya kwanza niliiweka sakafuni, karibu na ukuta wenye unyevu, na masika yalipoisha kingo za chini zilikuwa zimevimba na vinia imepasuka kwenye maungio. Iliniuma kweli. Siku hizi kila kingo naipaka gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, naiacha ikauke, napiga msasa, narudia. Na barakoa ni sehemu ya manunuzi, kwa sababu vumbi la MDF ni laini mno na limebeba gundi yenye kemikali ya fomaldehaidi. Kama duka lina mashine ya kukatia, lipa wakukatie, na uombe pande zote zinazolingana zikatwe kwa kipimo kimoja kabla mashine haijasogezwa.

Marine bodi, ile nyeusi au ya kahawia inayong'aa ya kumwagia zege, watu huinunua kwa jina. Ndani yaweza kuwa plaiwudi imara, lakini ule mng'ao unakataa gundi, na kuukwangua wote ni kazi ya kutesa. Ichukue kama hutabandika vinia.

Mbao nzima ya mninga naiheshimu, ila si kwa boksi. Mzee mmoja mwenye karakana Unga Limited, Arusha, nilipomwamkia na kumwonyesha mchoro wangu, alisema, "Mwanangu, mninga ni wa mlango. Hapa unafunga pande sita kwa gundi, mbao ikitaka kutanuka itatokea wapi?" Nilimsikiliza, na kibao cha mbele tu ndicho hukitengeneza kwa mninga siku hizi.

Chipbodi, ile ya vipande vya mbao vilivyogandamizwa, iache. Skrubu zinang'oka.

Sasa vinia. Ya kwanza ni vinia ya mti halisi, nyembamba kama milimita 0.6, ikibandikwa kwa gundi nyeupe na pasi: paka pande zote mbili, subiri hadi isinate sana kidoleni, weka kitambaa cha pamba, pitisha pasi taratibu. Ya pili ni ile yenye karatasi mgongoni, rahisi zaidi kwa anayeanza kwa sababu haichaniki hovyo. Gundi ya mafundi viatu inavutia kwa haraka yake, lakini boksi likikaa kutwa nzima ndani ya gari juani, vinia inaweza kuinuka malengelenge. Stika ya plastiki ni ya boksi la majaribio tu.

Lakini ninayoipenda kuliko zote imeota mashambani kwetu. Mgrevilea, mti wa kivuli kwenye kahawa za Kilimanjaro, ukichanwa kuelekea kiini unatoa madoa yanayong'aa kama magamba ya samaki. Mtafute fundi mwenye msumeno wa mkanda akuchanie vipande vya milimita 2 kutoka gogo lililokauka vizuri. Vaa mikono mirefu, vumbi lake huwasha ngozi.

Kwa jozi yetu nunua vinia ya mita moja na nusu ya mraba, ili kila upande uzidi sentimita moja ya kupunguza. Ichukue yote siku moja, kutoka fungu moja, karatasi zinazofuatana, na uziandike namba kwa chaki ukiwa bado dukani, ili mistari ya boksi la kushoto ifanane na ya kulia.