Makumbusho ya Vasa, Stockholm: uzoefu wangu na watoto watatu

Wazazi wenzangu mnaosita kupeleka watoto makumbusho ya meli mkihofia watachoka baada ya kabati la pili, nawaletea hii ya Vasa iliyoko Stockholm, Uswidi. Nimeenda na wanangu watatu, mkubwa anakaribia kumaliza msingi na wa mwisho bado anadai kubebwa, na aisee imewashika wote. Ninavyoona mimi ni kwa sababu pale ndani kuna meli moja tu, Vasa yenyewe, meli ya kivita ya zamani, nzima, kubwa, unaizunguka kuanzia chini kwenye mkuku, ule uti wa chini wa meli, mpaka juu usawa wa tezi, yaani sehemu yake ya nyuma, na swali ni moja ambalo hata mtoto mdogo analielewa, ilizamaje?

Maana ilizama siku ile ile ya kwanza inatweka tanga! Agosti 10, 1628, watu wamejaa kuitazama inaondoka, imekwenda kama mita 1,300 hivi upepo ukaivamia ikalala ubavu, maji yakaingia kwenye madirisha ya mizinga yaliyokuwa wazi, ikaenda chini na watu kama 30 wakafa. Wengine walikuwa wake na watoto wa mabaharia, waliruhusiwa kusindikiza kipande cha kwanza cha safari, na hapo wanangu walinyamaza kabisa. Ikakaa chini ya maji miaka 333 hadi ilipoinuliwa mwaka 1961. Binti yangu akauliza mbona haijaoza, jibu lake zuri sana, Bahari ya Baltiki haina chumvi ya kutosha kwa yule mdudu anayetafuna mbao za vyombo, kwa hiyo zaidi ya asilimia 95 ya unachokiona ni meli yenyewe halisi. Halafu walipoitoa wakaipulizia dawa ya kuzuia mbao zisipasuke kwa miaka 17. Kumi na saba jamani.

Ukiingia tu kuna giza giza na kaubaridi, taa wamezipunguza makusudi ili kulinda mbao, basi wabebeeni sweta. Wa kwangu wa mwisho aling'ang'ania mguu wangu mwanzoni, macho yalipozoea akainua kichwa akaona ile omo, sehemu ya mbele ya meli, imesimama juu yake, akaanza kutafuta simba, na simba wamechongwa wengi mno, shughuli hiyo peke yake ilimtosha muda mrefu. Mbao sasa ni za kahawia tupu ila pembeni kuna mfano wa meli uliopunguzwa mara kumi wenye rangi zake za zamani, nyekundu na dhahabu zinawaka, waonyesheni watoto huo mapema ndipo watajua wanatazama nini.

Kilichotunogea zaidi ni kesi yenyewe, ya nani alisababisha izame. Meli ilikuwa nzito juu, mizinga 64 na sitaha mbili za kuibeba, chini farumi, yaani uzito unaowekwa chini ya meli, haikutosha kuituliza. Na waliona dalili! Kabla ya safari waliwakimbiza mabaharia 30 kutoka ubavu huu kwenda ule, ikayumba vibaya mpaka jaribio likasimamishwa kwa hofu itapinduka hapo hapo, na bado ikaondoka, maana mfalme Gustav II Adolf alikuwa vitani anaitaka upesi. Mkubwa hakuelewa uzito wa juu una tatizo gani, nikampandishia mdogo wake mabegani nikamwambia ainame upande mmoja taratibu, akapepesuka, akasema "aah, kumbe". Kingine kilichomgusa kuliko mizinga ni kwamba ndani ya meli zilikutwa rula nne za mafundi, mbili za futi ya Kiswidi yenye inchi 12 na mbili za futi ya Amsterdam yenye inchi 11, yaani watu wanajenga chombo kimoja kila mmoja na kipimo chake, na kweli pande za meli hazilingani. Alikasirika sana kusikia mwishowe hakuna aliyeadhibiwa, fundi mkuu alishafariki mwaka mmoja nyuma. Tumebishana hadi nje nani alistahili lawama, binti anasema mfalme, mkubwa anasema aliyeona jaribio akanyamaza, na mimi niko na mkubwa.

Ndani ya meli yenyewe hamuingii, ila wametengeneza kipande cha sitaha ya mizinga kwa ukubwa wake halisi, humo mnaingia. Wenye vigari vya watoto msiogope, lifti ipo. Walio chini ya miaka 18 hawalipi kiingilio, kwa hiyo kama wadogo wameshiba tokeni tu, kulazimisha kusoma kila kibao ndiko kunakowachosha.

Sehemu moja ya kuwaandaa ni ile yenye mifupa ya waliokufa, pamoja na sura zao zilizotengenezwa upya kitaalamu. Niliwaambia wangu kabla hatujafika kwamba ni watu wa kweli, wakaingia kwa adabu. Mmoja wao miaka mingi alidhaniwa mwanaume wakamuita Gustav, mwaka 2023 vipimo vya DNA vikaonyesha ni mwanamke, sasa anaitwa Gertrud. Binti yangu alikaa pale kuliko sehemu yoyote, anataka kujua alikuwa mke wa nani na alikuwa anakwenda wapi.